Mtoto Aliyetokwa na Vipele: Nasaha kwa Wazazi wa Eastlands

Katika ghorofa moja ya Kayole, jijini Nairobi, miongoni mwa zile ambazo vyumba vyake hutazamana kwa milango katika ujia mwembamba ambao jua haliufikii hata wakati wa adhuhuri, palikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyekuwa kwa siku tatu mfululizo na homa kali, kikohozi kikavu, kamasi zisizokatika na macho yaliyokimbia mwanga. Na mama yake, ambaye alikwisha kumnunulia dawa ya mafua kwenye kemisti iliyo chini ya jengo lile lile, alikuwa amemvua nguo na kumgeuzageuza mbele ya majirani waliommulikia kwa tochi za simu, akitafuta vipele vyekundu mfano wa vile alivyoviona katika picha. Hakuviona. Ngozi ya mtoto ilikuwa nyeusi ile ile ya siku zote, na baraza la majirani lilikuwa karibu kutoa hukumu kwamba hii ni malaria tu, au ni meno, ndipo alipoingia nyanya mmoja wa chumba kilicho karibu na bafu, akapitisha kiganja chake taratibu kuanzia penye mstari wa nywele, akashuka nyuma ya sikio hata shingoni, akasema: "Mwanangu, huyu ana ukambi. Ngozi imeshakuwa kama mchanga." Nilikuwapo, nami nilikuwa mmojawapo wa wale waliomulika tochi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu vitabu vingi vya utabibu vinavyoeleza maradhi ya vipele viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, ambayo juu yake wekundu huonekana kama wino juu ya karatasi, na sisi tulioyanakili maneno yao tumeyarithisha kwa wazazi wetu pasipo kuyapima, hata leo mama wa Dandora au Huruma anaambiwa atazame kama mtoto ana vipele vyekundu, ilhali juu ya ngozi ya mwanawe wekundu huo aghalabu haupo, au ukiwapo ni zambarau iliyofifia, au ni kahawia iliyokoza kidogo kuliko ngozi yenyewe, au si rangi kabisa bali ni ukwaruzo unaohisiwa kwa mkono. Usimngoje mtoto wako awe mwekundu. Mtoe penye mwanga wa mchana, mgeuze ubavu ili mwanga umpitie kwa mshazari, mpapase kwa kiganja kilichooshwa na kukauka, kisha utazame zile sehemu ambazo rangi yake haitofautiani sana baina ya watoto wa dunia, nazo ni ndani ya mashavu, ulimi, ukope wa chini ukiubinua, viganja na nyayo.

Hata ukivigundua siku ya kwanza, ujue kwamba vipele ni mjumbe anayefika amechelewa. Mwenye surua huanza kuwaambukiza wenzake yapata siku nne kabla vipele havijatoka, akaendelea hivyo kwa siku nne baada ya kutoka. Kwa hiyo asubuhi ile mama anapopiga mayowe kwamba mtoto ametoka ukambi, mtoto huyo amekwisha kukaa siku kadhaa mapajani mwa majirani, amelala katika nyumba ya kulelea watoto pamoja na wenzake kumi, na pengine amepanda matatu ya Jogoo Road akikohoa mabegani mwa abiria.

Kabla sijasonga mbele, neno moja juu ya majina, maana majina yakichanganyika na tiba huchanganyika. Ugonjwa ambao vitabu vyetu huuita surua, na watu wa pwani wengine shurua, ndio ule ule ambao wakazi wengi wa Nairobi huuita ukambi. Ukimwambia muuguzi lolote kati ya haya atakuelewa. Tetekuwanga ni ugonjwa mwingine, wenye malengelenge ya maji. Ndui ni wa tatu, nao haupo tena duniani: mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca nchini Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka, kwa hiyo anayekuambia leo kwamba mwanao ana ndui amekosea, ingawa kosa lake ni la kale sana, kwa kuwa kwa karne nyingi watu hawakuweza kupambanua surua na ndui mpaka tabibu Al-Razi, Mwajemi aliyeandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alipotunga risala iliyowatenganisha ndugu hawa wawili. Badala ya ndui umekuja mpox, ambao Kenya iliugundua mara ya kwanza mwezi wa Julai mwaka 2024 mpakani Taveta. Huo una vidonda vya ndani zaidi, vyenye maumivu, na tezi zilizovimba, na atakayeviona kwa mtoto au kwa mtu mzima asikae navyo nyumbani.

Sasa tuirudie surua, ambayo kati ya maradhi yote ya sura hii ndiyo inayoua zaidi, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya makala haya.

Huanza kama mafua. Homa hupanda, pua hutiririka, kikohozi hukauka kifuani, na macho huwa mekundu yenye utongo, mtoto akataka kujificha usoni pa mama kwa kuudhiwa na mwanga. Katika siku ya pili au ya tatu, aliye na subira ya kumfunua mtoto mdomo penye mwanga mzuri aweza kuona ndani ya mashavu, mkabala wa magego, vidoa vyeupe vidogo mfano wa chembe za chumvi; vidoa hivi alivieleza daktari wa New York, Henry Koplik, mwaka 1896, navyo hutangulia vipele kwa siku moja au mbili, na uzuri wake ni kwamba havijali rangi ya ngozi ya mtu. Baadaye vipele hutoka usoni na nyuma ya masikio, hushuka kifuani, tumboni na mikononi, hufika miguuni siku ya tatu, homa ikiwa juu kuliko siku zote. Kisha hufifia kwa utaratibu ule ule vilivyotokea, vikaacha ngozi yenye weusi na maganda laini kama pumba. Mtoto ambaye vipele vyake vilianzia miguuni, au ambaye hakuwa na kikohozi wala mafua wala macho mekundu, yumkini hana surua bali ana jambo jingine.

Ama jinsi inavyoenea, sijui ugonjwa mwingine ulio hodari kama huu. Virusi vyake huelea hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na katika watu wasio na kinga walio karibu naye, tisa kati ya kila kumi huambukizwa. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa katika visiwa vya Faroe, ambako surua haikuwa imefika tangu mwaka 1781, akakuta kwamba kati ya wakazi wapatao 7,800 waliougua walizidi 6,000, ila wale wazee waliougua miaka 65 nyuma hawakuguswa. Na kwa kuhesabu siku kijiji kwa kijiji alibaini kwamba tangu mtu kukutana na mgonjwa hata kutokwa na vipele hupita kama siku 14. Hesabu hiyo ingali na manufaa Umoja na Mathare kama ilivyokuwa huko baharini: ukisikia kwamba mtoto wa chumba cha jirani ametoka ukambi, weka alama katika kalenda, na mtazame mwanao kwa majuma matatu kamili, maana kwa wengine huchelewa, na hasa kuanzia siku ya nane, ambapo mafua yanayoonekana ya kawaida pengine si ya kawaida. Na kama hajachanjwa, naye amefikia umri wa kuchanjwa, mpeleke upesi, maana chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa yaweza kuuzuia ugonjwa usitokee.

Eastlands inaijua habari hii kwa uchungu. Mlipuko mkubwa wa surua uliotokea Kenya kuanzia mwaka 2005 ulibainika kwanza Eastleigh, ukaenea katika sehemu nyingi za nchi kabla haujazimwa mwaka 2007. Na hilo lilitukia miaka mitatu tu baada ya ile kampeni kubwa ya Juni 2002, ambamo watoto zaidi ya milioni 13 walichanjwa. Wako waliowalaumu wageni waliotoka ng'ambo ya mpaka. Mimi naona lawama hiyo haina insafu, kwa kuwa moto hauwaki pasipo kuni, na kuni zenyewe walikuwa watoto wetu ambao hawakupata chanjo, au walipata moja wakaishia hapo.

Tena tuikumbuke asili ya mitaa hii. Nyumba nyingi za kale za Eastlands zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wanaume vibarua waliodhaniwa kuwa wamekuja mjini peke yao, watafanya kazi, kisha watarudi mashambani; vyumba vilipimwa kwa kitanda, si kwa familia. Leo chumba cha namna hiyo hukaliwa na baba, mama na watoto wanne, na zile ghorofa mpya za Huruma na Pipeline zimeurithi upungufu huo na kuupandisha juu hata orofa ya sita au ya saba. Kwa hiyo mimi huona haya kila nisomapo kitabu kinachomwambia mzazi amtenge mgonjwa katika chumba chake. Chumba gani? Heri tuseme linalowezekana. Fungua dirisha na mlango hewa ipite. Usimtoe mgonjwa akacheze katika ujia au ngazini. Usimpeleke kwa mlezi wa kutwa wala shuleni mpaka siku nne zipite tangu vipele kutoka. Mwenye mtoto mchanga aliye chini ya miezi tisa, au mwenye mimba, au mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, mwombe kwa adabu asiingie kwako siku hizo. Na uwaambie majirani. Najua kwamba wengi huficha, kwa kuhofia kusengenywa kwenye mifereji ya maji au kuambiwa wamerogwa, lakini ukimya wa mama mmoja waweza kuwagharimu watoto wa orofa nzima. Unapokwenda kliniki, usiketi kwenye benchi pamoja na watoto waliokuja kupimwa uzito. Tuma mtu amwambie muuguzi kwamba umefika na mtoto mwenye dalili za surua, nawe ungoje nje penye hewa. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekukasirikia.

Lazima uende kliniki hata kama mtoto aonekana kustahimili, kwa sababu kuna tiba moja ambayo huwezi kuipata dukani nayo ina fadhila kubwa kuliko chupa zote za kemisti, yaani vitamini A. Surua huteketeza akiba ya vitamini hiyo mwilini, na macho ndiyo huathirika. Kwa hiyo kila mtoto mwenye surua hupewa dozi mbili, moja siku anayofika na ya pili kesho yake: vipimo 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa aliye na miezi sita hata kumi na moja, na 200,000 kwa aliyetimiza mwaka. Mwenye dalili machoni huongezewa dozi ya tatu baada ya majuma mawili hata manne. Vidonge vyenyewe ni vile vya mafuta, vya samawati na vyekundu, ambavyo mama wengi wanavifahamu, maana mtoto hupewa kila miezi sita tangu afikishe miezi sita hata miaka mitano. Usimkadirie mwenyewe, ikizidi hudhuru.

Nyumbani kazi ni ya mama na baba. Mpe maji mara kwa mara, na uji, na maziwa ya mama kama bado ananyonya, maana vidonda vya mdomo humfanya akatae kula, na mtoto aliyekataa kula kwa siku tano katika nyumba ambayo chakula chenyewe ni cha kubahatisha huingia katika utapiamlo upesi kuliko unavyodhani. Suuza mdomo wake kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Safisha macho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, jicho moja kwa kitambaa chake. Homa ikimwelemea, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na umvishe nguo nyepesi. Akiharisha, mpe maji ya ORS. Na usiku pakiwa hapana duka lililo wazi, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, kwa hiyo usizinunue kwa kukisia. Atakayeziandika ni daktari akiona kwamba nimonia au usaha wa sikio umeingilia.

Kuna mambo ambayo hupitishwa kwa mikono ya hisani, nayo ni hatari. Nimemwona mtoto aliyefungwa blanketi mbili na mlango ukazibwa kwa nguo ili ukambi "utoke wote", homa ikampanda hata akapatwa na degedege. Nimeona mwingine aliyepakwa busaa mwili mzima. Wako wanaomnyima mtoto nyama, mayai na hata kuoga, kana kwamba maji na riziki ndivyo vilivyomletea maradhi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, umpe kila anachoweza kula. Lakini lililo baya kupita yote ni kumtia mtoto dawa za majani machoni. Jicho ambalo surua imelidhoofisha na vitamini A imelikimbia, likitiwa utomvu wa mmea usiojulikana, hutoboka au huingia ukungu usioondoka, na nchi jirani ya Tanzania ilikwisha kuchunguza jambo hili, matabibu wakakuta kwamba surua, upungufu wa vitamini A na dawa hizo za machoni ndizo zilizokuwa miongoni mwa sababu kuu za watoto kupata vidonda vya mboni na kupofuka. Nyanya yule wa Kayole ninamheshimu kwa kiganja chake. Angeleta chupa ya majani ningemshika mkono.

Zijue dalili za hatari, maana zikionekana hata moja hapana haja ya kushauriana na yeyote: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea au asiyeamka vyema, kifua kinachoingia ndani anapovuta pumzi, au mlio wa koromeo akiwa ametulia, ukungu katika mboni, vidonda vya mdomo vilivyo vingi na vya ndani. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukitumia saa ya simu: kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi ni nyingi mno, kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, Mama Lucy Kibaki ikiwa karibu au nyingine yoyote yenye daktari.

Na vipele vikishapotea usidhani mambo yamekwisha. Wanasayansi walidhihirisha mwaka 2019 kwamba surua hufuta sehemu kubwa ya kumbukumbu ambayo mwili ulikuwa nayo juu ya maradhi mengine, kana kwamba mtu amechoma daftari la mwenye duka pamoja na madeni yote. Ndiyo maana mtoto aliyepona surua huugua kifua na tumbo mara kwa mara kwa miezi mingi baadaye. Mpe mlo wa ziada kila siku kwa majuma kadhaa, na uwahi kliniki akiugua tena.

Tetekuwanga ni mpole zaidi, nami sitaurefusha. Vipele vyake huanzia kifuani, mgongoni na usoni, huwa malengelenge yaliyojaa maji, kisha hukauka vikawa vigaga, na alama yake ni kwamba katika sehemu moja ya ngozi utaona vya kila umri, vingine vikitoka na vingine vikikauka. Huwasha kupita kiasi. Mkate mtoto kucha, mwogeshe, mpake losheni ya kalamini, na umweke nyumbani mpaka kila lengelenge liwe kigaga, jambo linalochukua kama juma moja. Usimpe aspirini hata kidogo, kwa maana katika ugonjwa huu yaweza kuleta maradhi mabaya ya ini na ubongo. Wala usimpe ibuprofeni pasipo kumwuliza daktari. Usistaajabu ukiambiwa kwamba mtoto ameambukizwa na babu mwenye mkanda wa jeshi, kwa kuwa mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ile ile ya utotoni iliyolala katika mishipa ya fahamu ikaamka uzeeni. Wanaopaswa kuhadhari zaidi ni wajawazito na watoto waliozaliwa juzi. Chanjo yake ipo, lakini haimo katika ratiba ya serikali, na anayeitaka huinunua katika hospitali za binafsi.

Rubela ni ugonjwa mwepesi wenye siri nzito. Mtoto hupata vipele vya siku tatu na tezi nyuma ya shingo, akaendelea kucheza. Lakini mjamzito akiupata katika miezi ya mwanzo, mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, au uziwi, au moyo wenye kasoro, kama alivyoanza kugundua daktari wa macho Norman Gregg kule Sydney mwaka 1941. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 chanjo ya surua tunayopewa Kenya imeunganishwa na ya rubela, na yule mvulana wa Jericho anayelia kwenye sindano anamlinda shangazi yake mwenye mimba pasipo kujua.

Maradhi yaliyobaki ni ya kupita. Kuna homa ya siku tatu hata tano ya mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, ambayo inapokatika ndipo vipele hutoka. Vipele vikija baada ya homa kuondoka, shukuru, mambo yamekwisha. Kuna vidonda vya mdomo vinavyofuatana na malengelenge ya viganjani na nyayoni, ambavyo huenea upesi katika nyumba za kulelea watoto; dawa yake ni maji baridi ya kunywa na kuosha mikono kwa sabuni. Harara ya joto si ugonjwa. Lakini viko vipele vya aina moja ambavyo havitokani na virusi, navyo havingoji kesho: mtoto mwenye homa, aliyelegea, mwenye vidoa kama vya sindano au mabaka ya zambarau ambayo ukiyabonyeza kwa glasi hayapotei. Juu ya ngozi nyeusi vitafute viganjani, nyayoni na ndani ya ukope. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mwite mwenye gari, au bodaboda, uende sasa hivi.

Nimeliahirisha neno la chanjo mpaka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa msomaji aliyekwisha kujua surua ni nini hana haja ya kubembelezwa. Kenya huchanja mara mbili, mtoto akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ilianza mwaka 2013. Miezi tisa ilichaguliwa kwa sababu kabla ya hapo kinga aliyorithi mtoto kutoka kwa mama yake huiua chanjo, na kwa sababu hiyo hiyo watoto kama 15 kati ya kila 100 wanaochanjwa miezi tisa hawapati kinga thabiti. Hao ndio wanaookolewa na dozi ya miezi 18, ambayo ndiyo wazazi huisahau, kwa maana mtoto amekwisha kutembea, kadi imewekwa chini ya sanduku, na mama amerudi kazini Industrial Area. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi, au aliye mahali penye mlipuko, huanza mapema zaidi, akiwa na miezi sita, kisha huendelea na nyingine mbili.

Wazazi wengine hulalamika kwamba walikwenda kliniki wakaambiwa warudi siku nyingine. Mara nyingi sababu ni hii: chupa moja ina dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake haina budi kutumiwa ndani ya saa sita au imwagwe, muuguzi mwenye mtoto mmoja mbele yake huona uchungu kuzimwaga tisa. Nijuavyo mimi, heri zimwagwe tisa kuliko mama aliyeomba ruhusa kwa mwajiri arudi mikono mitupu na asionekane tena. Lakini maadamu ndivyo ilivyo, uliza mapema siku ya surua ni ipi katika kliniki yako, mfuatane kina mama watano wa ploti moja, nanyi hamtarudishwa.

Ama wale wanaoogopa kwamba sindano hii huleta usonji, hofu hiyo ilitokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, naye akanyang'anywa leseni ya udaktari. Maneno hayo husafiri kwa simu kutoka kwa jamaa walio ng'ambo mpaka Eastleigh, kwa hiyo na habari hii isafiri pia: katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wasomali wengi walikuwa wameacha kuchanja kwa sababu ya hofu hiyo hiyo, surua iliingia mwaka 2017 ikawapata watu zaidi ya 70, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa.

Yule mtoto wa Kayole alipona. Kitabu chake cha kliniki kilipotolewa chini ya godoro, palikuwa na tarehe katika mstari wa miezi tisa, na mstari wa miezi 18 ulikuwa mweupe. Kitafute cha mwanao usiku huu kabla hujalala, ufungue ukurasa wa chanjo, na kama mstari huo ni mweupe, hata kama mtoto amekwisha kupita umri huo, mpeleke kesho asubuhi. Katika vituo vya serikali hailipiwi.